Rotesheni za kliniki Dar es Salaam: wodi hufundisha kuanzia saa nane mchana

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wadogo zetu wa mwaka wa tatu wa udaktari huingia wodini na makoti yaliyonyooka kwa pasi, na kila mwaka maswali ni yale yale: hospitali ipi nzuri, idara ipi inafundisha, daktari yupi anasaini logibuku, lile daftari la kuthibitisha kazi ulizofanya, bila usumbufu. Mimi nimemaliza rotesheni ya mwisho, yaani zamu ya mafunzo kwenye idara za hospitali, na sasa nasubiri kupangiwa kituo cha intani, ule mwaka wa kazi chini ya usimamizi, kwa hiyo naandika tathmini yangu kabla mambo hayajanipoa kichwani. Mahali nilipopata mema nitapataja kwa jina. Mahali nilipoona mabaya sitapataja, kwa sababu humo humo wapo wauguzi na madaktari walionifundisha kwa moyo wote, na jina la hospitali likichafuka linawachafua na wao.

Kwa ujumla nazipa rotesheni za mjini hapa nyota nne kati ya tano. Kwa wingi wa wagonjwa na aina za magonjwa, sidhani kama kuna mahali pengine nchini mwanafunzi anaweza kuona mengi kiasi hiki kwa muda mfupi. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya namna tunavyorundikwa kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja, na kwa sababu ya namna mgonjwa anavyoombwa ruhusa, au asivyoombwa kabisa. Na kama huna muda wa kusoma yote, chukua hili: asubuhi ni ya kazi ya hospitali. Masomo yako wewe mwanafunzi yanaanza saa nane mchana, raundi, ule msafara wa madaktari kitanda hadi kitanda, ikishakwisha na wenzako wakishaondoka.

Kwa asiyejua utaratibu, shahada ya udaktari kwetu ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa intani kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Miaka miwili ya mwanzo ni darasa, maabara na chumba cha anatomia. Kuanzia wa tatu unawekwa kwenye kikundi, na kikundi kinazungushwa: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, wazazi, halafu vipande vifupi vya macho, ngozi, afya ya akili na dharura. Kwenye ratiba yetu idara kubwa nne tulizipitia mara mbili, mara ya kwanza tukiwa wachanga hatujui hata pa kusimama, na mara ya pili tukikaribia kumaliza. Vyuo vya hapa huwatawanya wanafunzi wao kwenye hospitali mbalimbali, kwa hiyo usishangae ukianza sehemu moja na kumalizia nyingine.

Nianze na Muhimbili, maana ndiko wengi wanakoota kwenda. Udaktari unafundishwa pale tangu 1963, na ndani ya eneo lile la Upanga kuna hospitali ya taifa, chuo cha MUHAS, Taasisi ya Mifupa ya MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwa mwanafunzi hii ina maana kubwa: ugonjwa uliousoma kwa mistari miwili kitabuni una mtu wake amelala mahali fulani ndani ya uzio huo. Ukishuka mwendokasi kituo cha Faya unafuata Barabara ya Umoja wa Mataifa kwa miguu, na ukifika utakuta majengo ya wodi yana majina: Mwaisela, Kibasila, Sewahaji. Hilo la mwisho linamkumbuka Sewa Haji, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo wa karne ya 19 aliyetoa mali yake ili hospitali ijengwe. Wanafunzi wengi hupanda ngazi za jengo lile mwaka mzima bila kumjua, na mimi naona ajulikane.

Tiba ya ndani ndiyo iliyonifanya nielewe kazi hii. Lakini kwanza niseme juu ya raundi kuu, kwa sababu ndiyo inayowatisha na kuwavutia wageni. Popote nilipopita mjini hapa raundi kuu ina shida ile ile, watu ni wengi. Mbele yupo daktari bingwa, kando yake marezidenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, halafu maintani wenye mafaili, muuguzi, mfamasia, kisha wanafunzi wa mwaka wa tano, nyuma yao wa mwaka wa tatu, na siku nyingine wanafunzi wa chuo kingine. Aliye safu ya nne anaona migongo. Mgonjwa anajadiliwa kwa Kiingereza kwa dakika chache, mtu mmoja anaulizwa swali, anajibu kwa sauti ya chini, msafara unahamia kitanda kinachofuata. Simlaumu daktari bingwa. Ana wodi nzima mbele yake na kliniki inamsubiri. Ila usijidanganye kwamba kusimama pale hadi miguu iume ndiyo kusoma.

Sasa rudi wodini saa nane. Kelele zimetulia, chakula cha mchana kimepita, ndugu wa jioni bado hawajaja. Mgonjwa aliyejadiliwa asubuhi amekaa macho wazi, hana wa kuongea naye. Nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa na tatizo la moyo kushindwa kufanya kazi vizuri. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, si daktari wake, na nikamwomba nikae naye kidogo. Akanisogezea stuli. Nilipomuuliza analalaje, akaniambia kwamba Ramadhani iliyopita alikuwa analalia mto mmoja, baadaye miwili, kisha mitatu, na mwisho akawa analala ameketi dirishani kwa sababu akijinyoosha anahisi anazama. Faili lake lilisema kwa Kiingereza kwamba anakosa pumzi akilala. Ile mito mitatu, na mke wake aliyeamka usiku akamkuta dirishani, faili halikuwa nayo.

Rezidenti aliyekuwa zamu akanikuta pale. Hakuniuliza maswali ya kuniaibisha. Aliinua kichwa cha kitanda hadi nyuzi 45, akamwomba mzee ageuze uso kidogo upande wa kushoto, akapitisha mwanga wa tochi kwa ubavu juu ya shingo, na hapo nikauona mshipa ukipiga juu chini, laini, karibu na ncha ya sikio. Akanionyesha pembe ya mfupa wa kifua pa kuanzia kupima, na kwamba ukivuka sentimita 3 kwenda juu kutoka hapo basi shinikizo ndani ya mshipa huo limepanda. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma na kuyajibia mtihani, lakini macho yangu hayakuwahi kuyaona. Mzee akauliza, "Mmeona nini hapo shingoni kwangu?" Rezidenti akamweleza kwa Kiswahili chepesi, na mzee akaelewa kwa nini anapewa dawa inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Alikuwa anaikimbia dawa ile kwa sababu choo kipo mbali na kitanda chake. Jambo hilo halikuwa limetajwa kwenye raundi, na lilipojulikana walimsogeza karibu na choo.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu ndilo ninalowaombea wadogo zangu walipate. Kikundi chetu kilikuwa na wenzetu wazuri sana wa kujibu maswali ya raundi ambao walikuwa hawajawahi kukaa na mgonjwa hadi akasahau kwamba wao ni wanafunzi. Ukienda saa nane, rezidenti ana nafasi ya kukufundisha, muuguzi ana nafasi ya kukutuma, na mgonjwa ana nafasi ya kukusimulia. Ndugu wakija jioni ondoka kwenye stuli haraka, ni ya kwao.

Kwa upande wa watoto, wodi zote nilizopita nazipa nyota nne na nusu. Tulikuwa na mwalimu mmoja aliyetukataza kabisa kuhesabu pumzi kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili. Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio, anaharakisha, anatulia, kwa hiyo unahesabu dakika nzima, akiwa ametulia kwa mama yake, shati limefunuliwa. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa aliyefikisha mwaka mmoja hadi chini ya mitano, ni haraka mno, na ukichanganya na kikohozi unafikiria nimonia. Hakuna mashine inayohitajika hapo zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde. Hivyo hivyo utepe wa kupima mkono: chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni utapiamlo mkali. Vitu hivi viwili ndivyo nitakavyovitumia kila siku kama nitapangiwa kituo cha mbali, na vyote nilifundishwa na mtu aliyechuchumaa kando ya mama, si aliyesimama mbele ya projekta.

Kwa upande wa sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, Dar ni mahali pa kujifunzia hasa. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu, na Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa hawa kwa utaratibu tangu 2004. Nenda kliniki yao ukaone vijana wanaokuja peke yao, wanaojua kiwango cha damu yao cha kawaida kuliko wewe unavyokijua. Kijana mmoja alinisahihisha dozi ya foliki asidi niliyoitaja, na alikuwa sahihi.

Upasuaji nitapita haraka. Chumba cha upasuaji kinavutia kwenye picha, ila mwanafunzi wa nyuma anaona kofia za kijani na taa. Ushauri wangu: omba kusimama upande wa mtaalamu wa usingizi, kichwani kwa mgonjwa. Pale unaona njia ya hewa ikishikwa, unaona presha ikishuka na mtu akiirekebisha, na mara nyingi wataalamu wa usingizi wanafurahi kuulizwa kwa sababu wanafunzi huwa hawawaulizi. Na usidharau chumba cha kufungia vidonda, kwa sababu mguu wa mgonjwa wa kisukari utauelewa pale.

Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa 2010, na mwaka huo huo mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yakaanza. Naipa nyota tano bila kusita. Wagonjwa wanapangwa kwa uharaka wa hali zao na si kwa nani amefika kwanza, na kila mtu anajua zamu yake kitandani: huyu njia ya hewa, huyu mishipa, huyu anaandika. Mwanafunzi anapewa kazi ndogo anayoiweza na anaambiwa aisimamie. Mimi nilipewa kupima fahamu za mgonjwa kwa kipimo cha Glasgow, kile kinachoanzia 3 hadi 15, na kurudia kila nilipoelekezwa. Namba ikishuka natamka kwa sauti, wote wanasikia. Kwa mtu wa mwaka wa nne kujua kwamba sauti yako inasubiriwa kunakufanya uwe makini kuliko mtihani wowote.

Mloganzila, iliyofunguliwa 2017, ni mbali. Kama unakaa Mbagala au Gongo la Mboto jiandae kutoka nyumbani alfajiri, maana ni huko mbele ya Kibamba, unabadilisha gari Mbezi. Ukishafika, nafasi ni kubwa, wodi zinapumua, na mwalimu anakuona. Kwa mwanafunzi mkimya ambaye Muhimbili anamezwa na umati, mimi ningemshauri aombe kuanzia kule, kama chuo chake kinampa uchaguzi.

Wazazi. Hapa nitasema mema kwanza, kwa sababu ni ya kweli. Mwalimu wangu mkuu wa uzazi alikuwa mkunga, mama mtu mzima karibu na kustaafu, tuliyemwita Mama kama wote wodini. Wanafunzi wengi hukimbilia upasuaji wa kujifungua, yeye alinikalisha kando ya mama mwenye uchungu na kuniambia niweke kiganja juu ya tumbo, nisikibonyeze, nisikiondoe. Dakika 10 kamili. Hesabu uchungu umekuja mara ngapi, na kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Kisha sikiliza moyo wa mtoto baada ya uchungu kupita, kati ya 110 na 160 kwa dakika ndiko unakotarajiwa kuwa, na urudie kila nusu saa. Kisha chora kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, papo hapo, usichore jioni kwa kukumbuka. Patografu iliyochorwa baada ya mtoto kuzaliwa alikuwa anaiita uongo, bila kupunguza neno, hata mbele ya daktari. Mtoto alipotoka alinifanya niitamke alama ya Apgar, ya kupima hali ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi, kwa sauti katika dakika ya kwanza na ya tano: rangi, mapigo, mwitiko, kujikaza kwa misuli, pumzi. Nikiwa daktari wa wilaya siku moja, mama huyu ndiye nitakayekuwa namsikia.

Na sasa lile lililonifanya nikate nyota. Katika hospitali moja ya kufundishia, si lazima iwe hapo unapopafikiria, nilikuta wanafunzi wakipanga foleni kumpima njia mama mmoja aliye katika uchungu, yaani kuingiza vidole kuona njia imefunguka kiasi gani, mmoja baada ya mwingine, ili kila mtu ajaze logibuku yake. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amegeukia ukutani, mkono wake umeshika chuma cha kitanda. Kipimo hicho hufanywa kila baada ya saa nne kama hakuna sababu nyingine, na kimewekewa muda huo kwa sababu kila mkono unaoingia unaweza kuingiza maambukizi, acha maumivu na aibu. Nilikataa zamu yangu na nikamwambia msimamizi wetu, naye alisikiliza, lakini nafasi kwenye logibuku ilikuwa inamdai kila mmoja wetu idadi fulani, na idadi hiyo ndiyo inayoleta foleni. Nalisema hili kwa uchungu kabisa. Mama anayejifungua katika hospitali ya kufundishia hajasaini kuwa kitabu cha wanafunzi. Anaweza kukubali, na kwa uzoefu wangu wengi wanakubali ukiwauliza kwa adabu: "Mama, mimi ni mwanafunzi, mkunga atakupima sasa, unaniruhusu nipime baada yake mara moja tu?" Wapo wanaosema hapana. Hapana yao inatosha, na huduma yao isibadilike kwa sababu hiyo. Vyuo vinavyotaka idadi kwenye logibuku viandike pia kwamba ruhusa imeombwa na nani alikuwepo kushuhudia.

Kuna hospitali nyingine, nayo siitaji, ambako logibuku zilisainiwa kwa mafungu mwisho wa rotesheni na mtu ambaye hakuwahi kutuona tukifanya lolote. Wenzangu walifurahi. Mimi niliona tumeibiwa, kwa sababu mwaka wa intani hauna huruma: utapigiwa simu saa tisa usiku kwamba mtoto anahitaji mshipa, na saini haikufundishi kuupata.

Afya ya akili ilikuwa fupi mno. Ni idara pekee niliyotamani iongezwe, kwa sababu kila wodi niliyopita baadaye ilikuwa na mtu aliyehitaji yale niliyojifunza mle kuhusu kukaa kimya na kumwachia mtu amalize.

Mambo ya usalama yaweke mbele ya koti na stetoskopu. Chanja homa ya ini B kabla hujagusa wodi. Ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo ukianza wiki ya kwanza ya mwaka wa tatu umeshachelewa, anza mwaka wa pili. Ukichomwa na sindano iliyomgusa mgonjwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue kidonda, na toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kukinga VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na unazimeza siku 28. Ulizia siku ya kwanza kila hospitali unayoingia: dawa hizo zinatolewa chumba gani, na usiku nani ana ufunguo. Nimepita mahali ambapo hakuna mwanafunzi aliyeweza kunijibu swali hilo. Kwenye wodi zenye wagonjwa wa kifua kikuu ulizia barakoa zile nzito, zile nyepesi za bluu hazikukingi. Glovu, weka pakiti yako ndani ya begi.

Vifaa vingine havina haja ya gharama kubwa. Stetoskopu ya kawaida unayosikia nayo vizuri inatosha, tochi, utepe, saa yenye mshale wa sekunde, na daftari dogo linaloingia mfukoni. Maduka ya vifaa tiba yapo mengi mjini, zunguka maduka mawili matatu kabla ya kulipa. Viatu ndiyo weka pesa, vya kufunika vidole na vinavyooshwa. Zamu za usiku panga usafiri mapema, hasa mabinti: tulikuwa tunaondoka wawili wawili au tunasubiri kupambazuke kwenye chumba cha wanafunzi, na msimamizi anayekuharakisha utoke saa saba usiku mweleze wazi kwamba hutoki.

Wanaokuja kutoka nje kwa elektivu, yaani mafunzo mafupi ya kuchagua mwenyewe, wengi wao kipindi cha likizo za vyuo vya Ulaya, mara nyingi hupangwa na vikundi vyetu. Nilifanya kazi na binti mmoja kutoka Ujerumani, mchapakazi, aliyeshika salamu na maneno ya maumivu kabla hata hajapanda ndege. Wagonjwa walimpenda. Wengine walikuja kutazama tu na kutuachia kutafsiri siku nzima. Kama unasoma hapa nawe una rafiki wa nje anayetaka kuja, mwambie ajifunze Kiswahili cha kuulizia historia ya mgonjwa, na asipewe kufanya kitu ambacho kwao asingeruhusiwa kukifanya. Mgonjwa wa Temeke ana haki ile ile ya mgonjwa wa Berlin.

La mwisho ni kuhusu wale ambao hawajaanza chuo, waliomaliza kidato cha sita na wanataka kumfuata daktari kwa siku chache waone kama kazi hii ni yao. Wazazi wengi huniuliza hili. Binamu yangu alilipiwa nafasi kwenye hospitali ya binafsi hapa mjini. Alivaa beji, akakaa pembeni mwa chumba cha daktari, wagonjwa wakaingia na kutoka, hakuna aliyemweleza kitu, na wagonjwa wengine hawakuambiwa yeye ni nani. Akarudi nyumbani akisema udaktari unachosha. Baadaye mama yake alimwombea ruhusa kituo cha afya cha karibu na kwao, kliniki ya mama na mtoto. Kule muuguzi alimweka kwenye meza ya kuandika uzito. Hakugusa mtoto wala sindano, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, lakini aliona watoto wakipimwa, mstari kwenye kadi ukipanda au ukishuka, muuguzi akimwuliza mama taratibu kwa nini mstari umelala, na mama akieleza kwamba baba hayupo na maziwa yamepungua. Aliona chanjo zikitolewa kwenye boksi la baridi na zikihesabiwa. Jioni alikuwa na maswali hadi tukachoka kumjibu, na sasa amejaza fomu za uuguzi, si udaktari, kwa sababu anasema aliyekuwa anafanya kazi aliyoipenda pale alikuwa muuguzi.

Ukitaka nafasi ya namna hiyo, peleka barua ya utambulisho kutoka shuleni au serikali ya mtaa, yenye muhuri, kwa mganga mfawidhi wa kituo, na uiandike kwa jina la kazi unayotaka kuiona, si "mafunzo" tu. Nenda asubuhi, ofisi za serikali hufungwa saa tisa na nusu alasiri. Acha simu kwenye begi ukiwa ndani, usipige picha hata ya ukuta, na uliyoyasikia kuhusu mtu yabaki hapo hapo. Kituo cha afya cha mtaani nakipa nyota tano kwa wanaotaka kuonja kazi hii. Nafasi ya kulipia, kwa ile niliyoiona, mbili.